Makisio ya Mikate

BINTI: Haloo? Nani mwenzangu?

BABA: Baba yako. Namba umeifuta?

BINTI: Simu mpya hii. Shikamoo baba.

BABA: Marahaba. Salio langu dogo, nisikilize. Wakala wa unga anataka oda ya mwezi ujao leo hii. Wewe ndiye msomi wa biashara. Niagize magunia mangapi?

BINTI: Mwezi huu umeuza kiasi gani?

BABA: Nimeoka kama siku zote.

BINTI: Siulizi ulichooka, nauliza uli—

BABA: Unakatakata.

BINTI: Ulichouza, baba.

BABA: Nusu. Siku nyingine haifiki.

BINTI: Na inayobaki?

BABA: Naila. Asubuhi, jioni. Mkate uliolala una shida gani?

BINTI: Wateja wamehamia kwingine?

BABA: Hata. Wanapita, wanasalimia, wanakwenda zao. Zamani walikuwa wanasimama. Mama yako alikuwa anawapigisha soga mlangoni, huyu ana wageni, yule mwanawe karudi, halafu jioni ananiambia kesho tuoke kiasi gani. Tangu tumzike, mimi nakisia gizani. Na domo zito hili unalijua.

BINTI: Basi agiza nusu. Unga ukikaa utaingia wadudu. Wateja wakiongezeka, utaongeza.

BABA: Nusu.

BINTI: Ndiyo.

BABA: Nikisema nusu, ni kama nimekubali.

BINTI: Kukubali nini?

(mkwaruzo)

BINTI: Baba? Upo?

BABA: Nipo. Mtandao tu. Mwezi ujao wewe... likizo vipi?

BINTI: Kazi imebana. Si nilikwambia—

BABA: Ulisema, ulisema. Nauliza kwa ajili ya makisio.

BINTI: Mtu mmoja atakula mikate mingapi, baba?

BABA: Haya. Nusu. Nampigia wakala sasa hivi. Nitazima na tanuri la pili, kuni zisiende bure.

BINTI: Lile la mama?

BABA: Lile. Naona ndivyo hesabu inavyotaka.

BINTI: Ndivyo.

BABA: Sauti yako imekauka. Unaumwa?

BINTI: Siumwi.

BABA: Huko jioni unakula na nani?

BINTI: Nakula tu, baba.

BABA: Mwanangu—

BINTI: Natoka kazini, napitia dukani, nanunua mkate, na—

BABA: Haloo? Inalia hii, salio linakwisha. Sema haraka, unanunua nini?

BINTI: Mkate, baba. Nakula peke ya—

(mlio wa simu iliyokatika)