Gwenllian wa Salgaa

Siku mtoto wa Kimaiyo alipewa jina Gwenllian mimi nilikuwa hapo, mita moja, macho wazi. Mwingine akikuambia alikuwa karibu zaidi, anadanganya. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, benchi ya Wariara wa kahawa hapa Salgaa, malori yamejipanga utadhani yanangoja kubatizwa. Mwenye kubatizwa alikuwa binti ya Kimaiyo, kesho yake, na bado hana jina la kanisa.

— Sitaki Winrose, Kimaiyo akasema. Kanisa yetu iko na Winrose kumi na moja. Ukiita mmoja, kwaya yote inasimama.

— Mpe Gwenllian, nikamwambia. Kuna mama wa Wales nilimwoshea gari kule Elementaita, anaitwa hivyo. Akasema hilo jina ni la binti ya mfalme wao wa zamani, karibu miaka mia tisa iliyopita. Bwana ya huyo binti akiwa safari, maadui wakaingia. Mama akakusanya jeshi, akaenda vita mwenyewe na vijana wake.

— Jeshi ya watu wangapi? akauliza Turbo, dereva wa trela.

— Elfu arobaini.

— Hiyo ni kidogo, Wariara akasema akimimina. Bwana yangu akisafiri, mimi hufukuza zaidi.

— Huyo ni Mkalenjin! Turbo akapiga benchi. Nani mwingine angepanda hiyo milima yao mbio?

— Alikimbia mpaka farasi ikaomba lifti, nikaongeza.

Kimaiyo alikuwa ameiva, jina ameshalipenda. Ndio Kogo, yaani nyanya, mama ya Kimaiyo, akafika na mtoto mgongoni kwa shuka. Akasikiza yote, halafu akauliza kitu moja tu:

— Na alikufa aje?

Kwao, mtoto hapewi jina la mtu aliyekufa vibaya. Turbo akaangalia tairi. Wariara akachungulia ndani ya flaski.

— Vitani, Kogo, nikasema polepole. Walimkata kichwa. Lakini wanasema pale alianguka, maji ilibubujika. Na watu wake wakawa wanaingia vita wakiita jina lake.

Kogo akafikiria mpaka kahawa yangu ikapoa.

— Alikufa akilinda boma. Hiyo si vibaya. Sasa tuulize mtoto mwenyewe.

Akamshusha mtoto, akafungua ugoro karibu na pua yake, akaita jina polepole. Ndio desturi yao: mtoto akipiga chafya jina likiitwa, amelikubali. Sisi wote tukainama juu ya hiyo shuka.

Chafya!

Kimaiyo akarusha kofia mpaka juu ya trela. Kesho yake pasta alipambana na hilo jina mara tatu, ya nne akashinda, na Gwenllian akalala tu, ameshiba.

Yote ni ukweli, hata farasi. Sawa, kitu moja: chafya ilikuwa yangu. Ugoro ya Kogo ni kali, na nimekuambia, nilikuwa mita moja.