Kiti cha Nyamoita

Kwenye foleni ya tiketi za basi Kisii, bwana mwenye jezi ya timu ya Shabana alimwambia mama aliyesimama nyuma yake, mbele yangu, kwamba Jumapili anataka kumpeleka mkewe, Nyamoita, uwanjani Nairobi.

“Amekubali?”

“Bado. Anauliza Sabato, Jumamosi, tutasali wapi. Nimetafuta kanisa, liko karibu na kwa dada yake. Tutatoka Ijumaa asubuhi, jua litue na Sabato ianze tumeshafika.”

“Kumbe mpira wako unaanzia kanisani, baba.”

“Nimechoka kushangilia peke yangu, mama.”

Marehemu mume wangu pia alipenda mpira. Kanisa hakulitafuta.

Zamu ya bwana ikafika. Karani akauliza viti vingapi. Bwana akatazama simu; Nyamoita hakuwa amejibu.

“Viwili,” akasema. “Kimoja kiwe cha dirishani.”