Cathaoir Ó Fríl na Herufi Moja ya Msiba

Ifikapo tarehe 30 Juni, Cathaoir Ó Fríl atakabidhi funguo za gari la maktaba, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne akipeleka vitabu katika barabara za Gaoth Dobhair na Rann na Feirste, vijiji vya Ayalandi ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani. Amechakaza magari matatu. Mwenyewe bado imara, ila goti la kushoto.

Alizaliwa mjini Leitir Ceanainn, katika nyumba iliyozungumza Kiingereza. Kiayalandi alikipata shuleni, kikamtosha kusimulia mvua na kupokea vitabu. Wasomaji walimcheka kwa upendo, naye akacheka nao, hadi alipofariki Róise, mke wa Mánus Ó Gallchóir.

Cathaoir alibandika tangazo mlangoni mwa gari: familia ya Ó Gallchóir imefiwa, tunasikitika kwa kifo chake. Sasa, "chake" cha Kiayalandi ni kile kile kwa mume na mke. Kinachobadilika ni kichwa cha neno linalofuata, yaani herufi zake za mwanzo. Kifo cha mwanamke ni *a bás*, cha mwanamume ni *a bhás*. Cathaoir aliongeza herufi moja. Kesho yake watu wa vijiji vya mbali wakafika na mikate yao kumlilia Mánus, na aliyewafungulia mlango ni Mánus.

Hakufoka. Alimwambia tu, "Cathaoir, bwana, mimi umeniua, sawa. Lakini Róise wangu umemweka wapi?" Tangu siku hiyo hakuazima kitabu tena.

Wiki ile ile Cathaoir alijiandikisha katika masomo ya sarufi mtandaoni, yale ya kujisomea kwa mwendo wako. Kila adhuhuri aliegesha kando ya ziwa chini ya mlima Earagail, mahali pekee mtandao uliposhika. Mimi, msaidizi wake, nikiwa nyuma napanga vitabu, nilimsikia akinong'ona: kiatu chake, kiatu chake, kiatu chao. Ukungu ulishuka hadi kwenye vioo, mlima ukapotea, mvua ikapapasa paa, na maneno yakabadilika vichwa taratibu, mpaka nisijue kama niko macho au nimesinzia. Somo la tisa alilirudia mara kumi na moja. Kompyuta haikumcheka wala haikuchoka. Ikapita hivyo miaka minne.

Ndipo Mánus akapanda garini, kofia kichwani, karatasi tupu mkononi. Alitaka maneno ya jiwe la kaburi la Róise. Kiayalandi alikinyonya kwa mama yake, lakini shule aliiacha mapema na kukiandika hakuwahi. Cathaoir alimshauri atafute mwalimu. Mánus akakataa. "Andika wewe," alisema. "Wewe ndiye unayejua uzito wa herufi."

Mistari mitatu ilimchukua majuma mawili. Jiwe limesimama pale makaburini, kilimani juu ya bahari, na wakali wote wa lugha wamelipitia bila kupata kosa. Mánus akaondoka na riwaya mbili.

Baada ya hapo zikaja kadi za harusi, barua za posa, hata kibao cha kuuza viazi. Vyote Cathaoir aliviandika kwa mkono wake, bila haraka.

Ahsante, Cathaoir, kwa vitabu na kwa ukimya wa adhuhuri zile. Tunajua umebakiwa na somo moja, la vitenzi vikaidi visivyofuata kanuni, ambalo umelifungua na kulifunga mara nyingi. Nenda nalo polepole. Hakuna kengele itakayolia. Ziwa litulie, goti lipone, na siku zako zote ziwe njema.