Bi Mok Sun-rye na Mkokoteni wa Langoni

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeyapata kwa Bi Mok Ok-bun, mdogo wa marehemu. Alinisimulia Jumanne, siku ya pili ya matanga, tukichambua vitunguu vya supu ya waombolezaji. Marehemu ni Bi Mok Sun-rye. Ametutoka akiwa na miaka themanini na minane.

Bi Sun-rye alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Leo hospitali zina watu wengi wa kazi hiyo. Mwaka wa sitini na mbili, pale hospitali ya Sonbawi, nje kidogo ya Daegu, alikuwa peke yake. Si muuguzi, si daktari, si karani. Wakubwa hawakujua wamweke wapi, wakampa meza chini ya ngazi, pembeni ya rafu ya viatu.

Ok-bun anasema: "Nilimtania, dada, umesoma chuo kizima uje ulinde viatu? Akasema niache, watu wanainama kuvua viatu, wakiinuka wananikuta."

Kazi yake ilikuwa hiyo: kukutwa. Kujua mgonjwa anazuiwa na nini asitibiwe, na kukiondoa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwaka huohuo aliletwa mwanamke kijana, Yang-sim. Kifua kikuu kilikuwa kimempanda kichwani. Mumewe alikuwa mbali, machimboni kwenye makaa ya mawe. Aliyemuuguza ni mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Tak, aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda na kumpikia uji uani. Daktari alisema sindano ishirini, moja kila siku, bila kukatika. Zikitimia, huenda akapona. Zikikatika, basi.

Siku ya kumi na mbili Yang-sim hakuwa akisema tena. Bi Tak akafunga mkeka. Akasema anampeleka mkaza mwana wake nyumbani.

Sisi tunajua kwa nini. Kwa desturi yetu mtu hafii nje ya nyumba yake. Aliyekata roho nje, maiti yake haivuki lango la kwao. Madaktari wakamwambia Bi Tak kwamba huo ni ujinga, naye akazidi kukaza kamba ya mkeka. Ndipo wakamwita msichana wa chini ya ngazi.

Sun-rye alimkuta Bi Tak uani, akachuchumaa karibu na jiko lake. Bi Tak akamtazama juu mpaka chini.

"Hata mume huna, utanifundisha habari za mkaza mwana? Kitanda usichokilalia, binti, hujui kunguni wake."

"Ni kweli, mama. Basi niambie wewe kunguni wake."

Bi Tak akakoroga uji. Kisha akasema. Mwanawe mkubwa aliumia vitani. Akarudishwa kwa lori, akafa kabla ya kufika, umbali wa kusikika ukelele kutoka nyumbani. Wazee wakakataza asivuke lango. Siku tatu alilala shambani chini ya turubai.

"Mvua ikamnyea mwanangu," alisema, "na paa la kwao lilikuwa palepale."

Sun-rye hakubishana naye. Aliuliza jambo moja: kutoka hapa hadi kwenu ni muda gani? Dakika arobaini kwa mkokoteni. Basi akamwahidi mkokoteni utakaa langoni mchana na usiku. Siku utakayosema "sasa", alimwambia, tutaondoka saa hiyohiyo, nami nitambebea pumzi njiani.

Daktari mkuu aliposikia alifoka. Tumekuajiri uwazuie watu, alisema, si uwatafutie mkokoteni. Sun-rye akainamisha kichwa, akatoka, akaenda kumtafuta mvuta mkokoteni. Akampata Mzee Pyo, aliyekaa langoni akila viazi vitamu na kusema tangu azaliwe hajapata kazi ya kukaa.

Siku ya kumi na sita, asubuhi, pumzi ya Yang-sim ikaanza kukatika. Bi Tak akasimama. Akasema, "Sasa."

Bado sindano tano. Sun-rye alijua safari yenyewe inaweza kumuua. Alijua pia alichoahidi. Akamwomba muuguzi achome sindano ya siku hiyo mapema, kisha akashika miguu ya mgonjwa, Bi Tak akashika mabega.

Njia nzima Sun-rye alitembea na mfuko wa kupulizia hewa. Kifua kikichelewa, anaubinya. Bi Tak alitembea upande wa pili, kiganja puani mwa mkaza mwana wake.

Wakafika. Mzee Pyo akaweka mikono ya mkokoteni chini. Yang-sim alikuwa anapumua. Bi Tak akatazama lango. Akageuka, akatazama njia waliyotoka.

"Kumbe tunafika akiwa hai," akasema.

Mzee Pyo akauliza amshushe wapi.

"Umshushe nini? Geuza. Sindano ya kesho atamchoma nani hapa?"

Ok-bun anasema dada yake hakujisifu kamwe kwa siku ile. Alisema tu kwamba mkokoteni uligeuzwa, naye akashika tena mfuko hadi hospitalini.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu. Kwa Bi Ok-bun, kwa ukoo wa Mok na kwa wote aliowafundisha, tunawapa pole. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tunayemwita mbishi, tumewahi kumuuliza anaogopa nini?

Nimalizie siku ya ishirini. Sindano ya mwisho ilichomwa asubuhi. Saa sita mchana Yang-sim alifumbua macho, akameza vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa kwa ukoko wa wali, akauliza kwa sauti ya kukwaruza nani anamlisha nguruwe. Bi Tak akajibu, jirani. Yang-sim akafumba macho tena, akalala usingizi wa kawaida.

Bi Tak akamwita Sun-rye, akampa mkono wa Yang-sim aushike yeye. Akatandika mkeka chini ya kitanda, wageni wa wagonjwa wengine wakipita na mabakuli yao, akajilaza ubavu, akalala.