Fundi Matano na Ada ya Kuona

Leo Ijumaa, tarehe 30 Aprili 1948, Fundi Matano bin Jaribu anavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika gereji yetu ya Chake Chake, baada ya kuitumikia miaka ishirini na minne. Mimi, Sleiman bin Amour, karani wa gereji, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Tajiri wetu mwenye gereji, Bwana Mansukhlal, alisema hapana mwengine anayefaa, kwani mimi ndiye niliyeandika bili zote za Fundi na kupokea lawama zake zote.

Fundi Matano ni mzaliwa wa kijiji cha Wambaa, kwa watu wa uvuvi tangu mababu. Yeye mwenyewe bahari ilimkataa. Kila alipotoka na wenziwe alitapika mpaka wakamrudisha pwani, na mwaka 1924 akaja mjini kupakia magunia ya karafuu kwenye lori la Bwana Mansukhlal. Siku moja lori lilikwama njiani, dereva akatoka kutafuta msaada, na aliporudi alimkuta mpakizi amefungua kila kilichofunguka na kukipanga juu ya jamvi kwa utaratibu kama vyombo vya harusi. Dereva alitaka kulia. Lakini Matano alivirudisha vyote, na lori likaondoka. Wiki ile ile alihamishiwa gereji.

Alijulikana zaidi kwa kijiti chake cha mkarafuu. Ncha moja huiweka kwenye injini inayonguruma, nyengine sikioni, na huku amefumba macho hutaja ugonjwa. Madereva wa Wete na Mkoani walikuwa wakisimama kumwangalia kama watu wanaomsubiri tabibu. Mara moja tu kijiti hakikutumika: mwaka 1935 alipoitwa Makangale, akaenda kwa lori na kumalizia kwa miguu kwenye matope ya msitu wa Ngezi, akakuta gari halina ubovu wowote ila limekwishiwa petroli. Dereva alimwomba kwa jina la Mungu sababu hiyo isiandikwe. Fundi akaniamuru niandike kwenye bili, "Amekagua tangi."

Yeye ndiye aliyeleta gerejini ada ya kutazama, mwaka 1937, shilingi moja kwa kila gari lililokaguliwa, litengenezwe lisitengenezwe. Wateja walipandwa na mori. Mzee mmoja alisimama mlangoni kwangu akasema, "Hata kuku sokoni hutazamwa bure." Fundi alimjibu akiwa chini ya gari, "Kuku humtazami kwa kulala chini ya tumbo lake tangu asubuhi." Wakacheka wote wawili, na shilingi ikalipwa.

Mimi sikucheka. Niliona ni dhuluma, na nilimwambia hivyo. Alinipa jibu ambalo sijalisahau: "Sleiman, fundi asiyelipwa kwa kutazama atatafuta cha kubadilisha, ili naye ale. Mie nataka nipate riziki hata nikimwambia mtu gari lake zima." Nilirudi kwenye daftari langu, ingawa sikuridhika. Nani angejua kama kutazama kwenyewe kumekuwa kwa haki?

Jibu lilikuja katika msimu wa karafuu wa 1941. Bi Fakhriya binti Said wa Wete, mjane, alikuwa akiwalisha wanawe wanne kwa gari moja la abiria na mizigo aliloachiwa na marehemu mumewe. Gari lilianza kugonga. Gereji ilikuwa imejaa, magari yamepangana hadi barabarani. Fundi aliweka kijiti, akafumba macho, akasema krenki imekwisha, yaani kile chuma kikuu kinachozungushwa na pistoni. Alitoza shilingi yake ya kutazama. Ulikuwa wakati wa vita na vipuri adimu. Krenki iliagizwa kwa bei ya kuogofya, na ilichukua wiki sita kufika kwa meli. Bi Fakhriya aliuza vikuku vyake viwili vya dhahabu. Wiki zote hizo gari lilikaa uani kwetu huku karafuu zikibebwa na magari ya wengine.

Krenki ilipofika, Fundi aliishusha injini, nami nilikuwa kando nikiandika idadi ya vipuri. Nilimwona akisita. Alipima krenki ya zamani, akaifuta, akaipima tena. Ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikigonga ni gurudumu zito lililo nyuma ya injini: bolti zake nne zilikuwa zimelegea. Spana moja na dakika chache zingetosha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Bwana Mansukhlal alikuja akatazama naye, akaelewa. "Fundi," alisema kwa upole, "chuma kipya kimefika na kimelipiwa. Kifunge. Gari litakwenda, bibi atafurahi."

"Atafurahi kwa kutojua, tajiri."

"Ukimwambia, kesho hapana atakayeleta gari hapa."

"Huenda," alisema Fundi. Akaifunga krenki ya zamani, akakaza zile bolti, akaliwasha gari. Halikugonga. Kisha akaifunga krenki mpya katika gunia, akaniambia nichukue daftari tufuatane.

Tulikwenda Wete na gari lile lile. Bi Fakhriya alitupokea barazani na kututolea kahawa, maana alidhani tumeleta habari njema. Fundi hakuinywa. Alifungua gunia, akasema, "Bibi, leo n'nakuja na aibu. Chuma hiki hukukihitaji. Nilisikiliza, sikufungua. Nilikosea."

Bi Fakhriya aliitazama krenki muda. "Na wiki sita?"

"Hizo sina cha kukurejeshea."

"Na vikuku vyangu?"

Hapo mimi nilitoa pesa na kuzihesabu mbele yake. Bwana Mansukhlal, ambaye kwa haki yake lazima nimtaje, alikuwa amekwisha kunipa, kabla hatujaondoka, bei nzima ya krenki nimrudishie bibi, nayo krenki ibaki ghalani kwetu. Lakini sonara alikuwa ameshakiyeyusha kikuku kimoja. Baadaye bibi alikikomboa kilichobaki tu. Fundi aliweka pia ile shilingi moja kizingitini.

Bibi aliiokota. "Hii nairudisha mfukoni mwangu," alisema, "kwa sababu ulitazama, hukuona. Lakini gari langu utalishughulikia weye daima. Fundi mwengine naye atakosea, na akikosea hatakuja kuniambia."

Maneno hayo yalifika mjini kabla yetu. Kwa wiki mbili madereva walimtania Fundi, wakijiwekea vijiti masikioni kila alipopita sokoni, na wateja wawili walituacha. Yeye alivumilia. Jumatatu ya pili alinijia na kanuni mpya, nami niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika ukutani, ipo mpaka leo: ada hailipwi kwa kutazama, hulipwa kwa kuona. Ubovu usipopatikana, mteja haachi hata senti. Ukipatikana, mwenye gari ataitwa auone kwa macho yake kabla ya kipuri chochote kuagizwa, na kipuri kikuukuu ataondoka nacho. Siku hiyo ndipo niliporidhika. Mteja mmoja kati ya wale wawili alirudi. Msimu uliofuata tuliajiri mafundi wawili zaidi, nao Fundi aliwafunza kufungua kwanza na kusema baadaye.

Sasa anarejea Wambaa kwa mkewe, Bi Mwanawema, ambaye amekwisha tangaza kwamba ovaroli ile haitavuka kizingiti chake. Anasema atalima muhogo. Sisi tunaomjua tunahisi muhogo huo utang'olewa kila wiki kukaguliwa.

Fundi Matano, ahsante kwa magari uliyoyaponya, na ahsante zaidi kwa safari ile ya Wete, iliyonifunza mimi karani nini maana ya bei ya haki. Mola akupe afya, muhogo mnene, na usingizi wa adhuhuri usiokatizwa na honi ya mtu yeyote. Uishi kwa raha na heshima.