Bawaba na Meza ya Mifereji Minne

Ijumaa ya wiki hii, tarehe thelathini, king'ora cha jioni kikilia, fundi wetu Bawaba atatundika aproni yake kwenye msumari alioupigilia mwenyewe alipoajiriwa, miaka thelathini na miwili iliyopita. Safari hii hatairudia. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mpiga vanishi, niandike maneno ya kumuaga katika kijitabu cha sherehe. Nimekubali haraka, maana nilijua nikisita kazi hiyo itapewa watu wa ofisini, nao wataandika kwamba alikuwa mwadilifu na mchapakazi, wamalizie hapo. Si uongo. Lakini hata punda ni mchapakazi, na sijasikia punda aliyefanyiwa sherehe.

Wageni wetu huenda hawajui kwa nini anaitwa Bawaba. Mtu huyu hawezi kupita mbele ya mlango bila kuufungua na kuufunga, tena sikio akiwa ameliinamisha asikie kama unalia. Ukimkaribisha nyumbani, kabla hajauliza hali ya watoto ameshafungua kabati lako la vyombo. Kwenye harusi ya mhasibu wetu alivaa suti mpya, na mfukoni mwa suti ile kulikuwa na bisibisi. Tulimcheka, mpaka kiti cha bwana harusi kilipoanza kuachia mguu. Bawaba alipiga magoti nyuma ya maharusi, picha zikiendelea kupigwa, akakaza skrubu zote. Ukiiangalia albamu ile vizuri utauona upara wake kati ya maua.

Aliingia karakana hii akiwa mpiga msasa, kazi ambayo wengi wetu tulianza nayo na wengi tuliikimbia. Yeye hakuikimbia. Alisema mkono unaopiga msasa ndio unaoujua ubao. Baadaye akapelekwa kwenye msumeno wa mashine, kisha kwenye milango ya makabati, na mwisho kwenye chumba cha sampuli, ambako kila samani mpya hutengenezwa moja kwanza, ijaribiwe, kabla ya kutengenezwa kwa wingi. Kabati la jikoni lenye milango isiyogonga, lile ambalo karibu kila mfanyakazi analo kwake, ni lake. Kitanda cha mtoto kinachogeuka benchi mtoto akikua ni chake pia. Na kama mmewahi kujiuliza kwa nini mlango wa choo chetu ndio mlango mpole kuliko yote ya jengo hili, jibu mnalo.

Sitamsifu kwa kila kitu. Amenitesa. Nikishapiga mkono wa mwisho wa vanishi, wakati ambao chumbani mwangu hata nzi haruhusiwi, yeye ndiye anayefungua mlango, amejaa vumbi la mbao kuanzia nyusi mpaka viatu, ana swali dogo tu. Kwa ajili ya maswali yake madogo nimerudia meza nyingi. Nimemfokea, ameniomba radhi, na kesho yake amerudi na swali jingine.

Kazi zake zikisimuliwa zote tutalala hapa. Nitasimulia moja, ile meza ya kukunja ya kuchezea karata, kwa sababu niliiona ikianza na najua ilikotoka.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nyumbani kwa Bawaba, fundi wa mafundi, meza ya sebuleni ilisimama miaka na miaka kwa msaada wa kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja. Shemeji yetu, mkewe, alitukumbusha jambo hilo kila tulipokwenda, huku akigawa karata. Maana shemeji kwa karata ni mtu hatari. Kila Jumamosi walikuja jirani zake wawili, mwalimu mstaafu na mama mshonaji, na wa nne alikuwa yeyote aliyekosea njia akapita hapo. Mimi nimekosea njia mara nyingi. Nimefungwa, nimechekwa, na nimerudi tena.

Miaka tisa iliyopita shemeji akapata kiharusi. Tunashukuru, maneno yalirudi, na kutembea kukarudi. Mkono wa kulia ndio uliobaki mzito, vidole havikuweza kushika kitu chembamba. Alipojaribu kucheza, karata zilimponyoka mbele za watu, sura zikiwa juu, kila mtu akaona alichonacho. Jumamosi iliyofuata hakukaa mezani. Ile nyingine akasema karata zimemchosha, ni mchezo wa watu wasio na kazi. Majirani nao, kwa kumhurumia, wakaacha kuja. Nafikiri huruma ile ilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Haya Bawaba aliniambia akiwa chumbani kwangu, akijifanya anatafuta tambara. Aliniambia nyumba imenyamaza. Alisema wazi kwamba anaogopa: mkewe ameshapona, lakini anamwona anaondoka kidogo kidogo, na hali amekaa palepale kwenye kochi. Nilimpa tambara.

Wiki hiyo hiyo akaenda kwa meneja na wazo la meza. Meneja aliuliza, kwa haki kabisa, nani atanunua meza ya karata tu. Bawaba akamweleza kuwa watu wanaishi vyumba vidogo. Meza ikiwa ya kukunja, mchana watoto wataiandikia, jioni wakubwa wataichezea, na wakati wa kulala itaegeshwa ukutani. Meneja akakubali. Habari za shemeji hakumtajia.

Alianza na vikombe, maana kila mcheza karata anajua chai ikimwagika mezani urafiki nao unaingia doa. Hakutoboa vishimo juu ya meza. Chini ya kila kona aliweka kisahani cha mbao kinachozunguka na kutoka nje, kikombe kikakaa pembeni, chini ya usawa wa meza, mbali na viwiko vya watu wenye furaha. Akaweka droo ya pakiti za karata. Kwenye bawaba za miguu akatia vikomeo, ili mtu akiegemea, mguu usije ukajikunja. Juu akatandika kitambaa kizito karata zisiteleze, na ubavuni akafunga mpini wa kubebea.

Sampuli ile ilituaibisha kwanza. Siku ya kuionyesha kwa wenye maduka, Bawaba aliikunja kwa madaha, akaisimamisha kwa ubavu, akainyanyua kwa mpini. Alisahau kwamba meza ikisimama hivyo, droo inatazama chini. Ikafunguka, na karata zote zikamwagika juu ya viatu vya wageni. Watu wazima, na tai zao shingoni, wakapiga magoti kuokota. Meneja alibaki amemshika mfalme wa kopa, hajui amweke wapi. Sisi tuliokuwa tukichungulia dirishani ilibidi tuondoke tukachekee uani. Droo ikageuzwa ifungukie upande wa mpini, ikapewa kikomeo chake, na tangu hapo haijamwaibisha mtu.

Lakini meza ile ilikuwa na kitu ambacho wageni hawakukiuliza. Kwenye ukingo wa upande mmoja Bawaba alichonga mfereji mwembamba, ulioinama kidogo kwa nyuma. Ukichomeka karata humo zinasimama zenyewe, sura zikikutazama wewe peke yako. Huna haja ya kuzishika. Unachomoa unayoitaka kwa mkono mmoja, hata wa kushoto. Jumamosi akaibeba meza mpaka nyumbani, akawaita mwalimu na mshonaji, nami nikakosea njia kama kawaida yangu.

Akaikunjua. Akamvutia mkewe kiti upande wenye mfereji. Shemeji aliutazama mfereji, kisha akazitazama pande nyingine tatu, ambazo hazikuwa na kitu. Akasema taratibu, "Umenitengenezea upande wa mgonjwa. Mimi huko siketi." Akarudi kwenye kochi. Tukanywa chai. Visahani vilifanya kazi vizuri sana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvisifu.

Jumatatu Bawaba aliirudisha meza karakana. Nilidhani atauziba mfereji, yaishe. Nilipopita chumba cha sampuli nikamkuta na patasi, anachonga wa pili. Akachonga na wa tatu, na wa nne. Meneja akaja akauliza kwa nini mifereji minne, wakati kila mmoja utakula muda wa mashine, na anayeuhitaji labda ni mteja mmoja kati ya wengi. Hapo ndipo Bawaba alipomweleza habari za nyumbani, zote, mbele yetu, patasi ikiwa bado mkononi. Akamalizia kwa kusema, "Ukiwa mmoja ni dawa. Ikiwa minne ni meza." Meneja akapitisha kidole kwenye ukingo, akasema ichongwe pande zote. Namtaja kwa wema hapa kwa sababu mameneja nao wana siku zao.

Jumamosi iliyofuata Bawaba hakumwita mkewe mezani. Tulikaa watatu, mwalimu, mshonaji na mimi, tukachomeka karata zetu kwenye mifereji yetu. Kumbe mwalimu ana baridi yabisi kwenye vidole na hakuwahi kumwambia mtu. Alishusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, akauliza meza hii ilikuwa wapi siku zote. Mshonaji akapata nafasi ya kukumbatia kikombe kwa mikono miwili. Mimi nikatupa turufu ovyo, si kwa makusudi, ndivyo ninavyocheza. Kutoka kwenye kochi shemeji akavumilia raundi ya kwanza. Ya pili akauliza ni mpumbavu gani anayemaliza turufu mapema hivyo. Ya tatu alikuwa amekaa upande wa nne, karata zake zimesimama mbele yake, na ameshaanza kututisha. Bawaba alikwenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nikamfuata kutafuta sukari. Nikamkuta analia, basi sukari nikaitafuta mwenyewe, polepole.

Meza hiyo ndiyo mnayoiona leo madukani, na imetuletea kazi nyingi kuliko samani yoyote tuliyowahi kutengeneza. Wapo wateja wanaosimamisha simu kwenye mifereji, wapo wanaoweka miwani na penseli, na hakuna anayejua ilichongwa kwa ajili ya nani. Bawaba anapenda iwe hivyo. Ataniwia radhi kwa kuwaambia.

Limebaki jambo moja, ambalo mafundi wote tulimbishia. Kwenye kona ya meza aliongeza matundu ya kuhesabia alama, na vijiti vya kuchomeka humo. Vijiti ni vinene kama kidole gumba, na matundu yanabana kiasi kwamba meza ikikunjwa, ikibebwa, hata ikipinduliwa, vijiti havitoki na alama hazipotei. Tulimuuliza ni nani anayekunja meza kabla mchezo haujaisha. Yeye akaendelea kupiga msasa.

Jibu alikuja kunipa shemeji. Kila asubuhi kabla ya kazi wao wawili hucheza karata wakinywa chai. Vijiti ni vinene kwa ajili ya mkono wake wa kulia, maana huo ndio anaoulazimisha uvisogeze. Mwanzoni ulikuwa ukividondosha, siku hizi hauvidondoshi. Sasa, sebule yao ni ndogo, na meza ikiwa wazi mlango wa nje haufunguki. Basi saa ya kazi ikifika Bawaba huikunja, mchezo ukiwa katikati, huiegesha ukutani, akachukua bisibisi yake akaja kwetu. Mchezo huendelea kesho yake pale ulipoishia. Kwa miaka yote hiyo, siku za kazi, hawajawahi kuumaliza mchezo asubuhi ile ile waliyouanza. Shemeji anadai yeye ndiye anayeongoza, na Bawaba hajawahi kukanusha.

Mwezi huu wote, kaka yangu huyu amekuwa akija chumbani kwangu na swali moja, mlango wazi, vumbi linaingia, vanishi mbichi. Anauliza mtu hufanya nini asubuhi kama haendi kazini. Anauliza kwa kicheko, lakini namjua, si kicheko cha kweli. Nimemjibu mambo ya kuku na bustani, hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Mtu aliyeondoka nyumbani kwake kila asubuhi miaka yote hii ana haki ya kuogopa asubuhi ya kwanza ya kubaki.

Kaka Bawaba, kwa niaba ya karakana nzima, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini ambaye ulimtengenezea kiti bila kuombwa, asante. Asante kwa milango isiyolia, kwa wale uliowafundisha kushika patasi, na kwa kutufundisha kwamba kinachomfaa aliye dhaifu hufaa kichongwe kwa wote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na magoti yasiyolia kama bawaba kavu. Chumba changu utakikuta wazi, ila piga hodi kwanza.

Juzi nilikwenda kwao, safari hii bila kukosea njia, kumuuliza shemeji kama ana neno angependa liandikwe kwenye kijitabu hiki. Akanyoosha mkono wa kulia, akasogeza kijiti chake tundu moja mbele kwenye meza iliyoegeshwa ukutani, nami nikajifanya sikuona kwamba haikuwa zamu yake.

"Mwambie," akasema, "Jumatatu asubuhi hatukunji meza."