Samaki wa Saa Kumi

Benchi letu liko Cimpunda, mbele ya duka la vitenge la Atumani, pale barabara inapopinda na pikipiki hulazimika kupunguza mwendo. Ni ubao mmoja juu ya matofali sita, chini ya ukingo wa paa. Atumani, tunayemwita Tangawizi kwa sababu ya kahawa yake, huweka thermos katikati na kutugawia intaneti ya simu yake. Stanislas, aliyekuwa katekista miaka arobaini, ni Papa Misale, yaani baba wa kitabu cha misa. Placide, dereva wa pikipiki, ni Bila Freni, yaani bila breki. Mimi nafundisha takwimu, kwa hiyo ni Prof. Tangu mwezi wa tatu tunacheza mchezo wa samaki. Unaanza ukiwa mdogo kama sambaza, dagaa wa ziwa letu, unakula walio wadogo kuliko wewe, unakua. Ukiliwa, unarudi kuwa sambaza. Mchezo unakutanisha wachezaji walio karibu, na juu ya kila samaki kuna jina na ukubwa wake. Alasiri hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na saa kumi ilikuwa inakaribia.

— Mchezo hii iko na roho mubaya, alisema Placide. Ukiwa mudogo unakimbia kama pikipiki mupya. Ukikula mingi unakuwa muzito kama camion ya magunia ya kwenda Shabunda. Wiki tatu natumika ili nikue, halafu ndio wananifunga miguu?

— Samaki haina miguu, alisema Atumani.

— Tangawizi, niache.

— Miye ile inanikasirisha ni pub, hii matangazo yao. Samaki anakula samaki, pub inakula mega yangu ya intaneti. Kila mutu akiliwa, wanamuonyesha kwanza sabuni!

— Na munashangaa? alisema Stanislas. Mchezo ya kumeza ndugu!

— Papa Misale, jana ulimeza watu kumi na mbili, alisema Placide.

— Nilikuwa najitetea.

Walicheka. Mimi nilikuwa naangalia saa.

— Anakuja, alisema Placide, na kicheko kikakatika.

Kwenye ukingo wa kioo alikuwa ameingia samaki mkubwa. Jina lake: MIYE NIMESHIBA.

Ndilo jina ambalo mke wangu Eulalie alilitumia katika mchezo huu. Alijifunza kucheza hospitalini, alikolala siku mia moja na kumi, na ndiko alikofariki mwezi wa kwanza. Jina hilo lilitokea mbele yetu siku nane zilizopita, saa kumi kamili, likakaa nusu saa. Tangu hapo linarudi kila siku. Samaki huyo huzunguka bwawa lote akiwa na ukuta upande wa kushoto. Hamfukuzi yeyote, anawasubiri wanaojileta. Eulalie alicheza hivyo hivyo. Nimehesabu mizunguko ishirini na saba, na yote ni ya namna hiyo.

Kwa siku nane alikuwa mkubwa kuliko sisi sote.

— Quatre mille cent quatre-vingt, Placide alisoma ukubwa wake, elfu nne mia moja themanini. Miye niko quatre mille deux cent dix, namuzidi na thelathini. Leo naweza.

— Shusha hiyo telefone, alisema Stanislas.

— Kwa nini? Ni mwizi tu. Mutu aliiba telefone ya Maman Eulalie, anakula raha.

— Simu yake iko nyumbani, nilisema. Iko kwenye droo, imekufa.

— Unaona? alisema Atumani. Ni mashini. Miezi yote ile ilikuwa inaangalia mukono yake: anapinda wapi, anangoja namna gani. Ikajifunza. Sasa inacheza peke yake. Kule kwa kampuni wako na depo ya mikono ya wafu, nakuambia. Munene, mwembamba, wa kushoto, wa kuume. Wanaikodisha!

— Tangawizi, umekunywa nini leo? aliuliza Placide.

— Kahawa yangu.

— Bon. Mashini ukiimeza, inarudi na jina lingine. Tumeona hiyo mara ngapi? Mutu ndio anarudi na jina yake.

— Hiyo ni kweli, Atumani alikubali.

— Basi nimumeze, tujue.

— Usimuguse! Stanislas alisimama, kikombe mkononi. Munacheza na kitu hamuelewi. Anazunguka ukuta, hamuoni? Anatafuta mulango. Iko purgatori, kwenye roho zinangoja mbingu. Na siku tisa! Siku tisa za sala ni novena! Kila samaki anayomeza ni kama sala inamusukuma mbele. Ndio maana tangu lundi ya juma hii miye ninajiachilia, ananimeza.

— Eh! Kumbe ndio maana unashindwa kila siku?

— Ninajitoa, Placide. Weye huwezi kuelewa.

Maji ya mchezo huo hupungua kila baada ya dakika chache, na yalikuwa yameanza kupungua. Samaki wa Placide na MIYE NIMESHIBA walikuwa wanasukumwa kuelekea kona moja.

— Prof, sema, alisema Placide bila kuinua macho. Ukisema hapana, naacha. Lakini sema mbio. Akikula wawili tu, atanipita, na miye ndio ataliwa.

Nilichoogopa kilikuwa rahisi kueleza. Akiliwa na jina lake lisirudi, basi alikuwa mashini, na kwa siku tisa nilikuwa nimetoka kazini mapema kuja kutazama mashini. Asipoguswa, ningeweza kuendelea kutojua.

— Munisamehe, ba papa, baba zangu.

Chini ya paa la duka alikuwa amesimama mwanamke mwenye gunia la maharagwe. Alikuwa amejificha mvua akingoja gari la Walungu, na Atumani alikuwa amempa kahawa. Tulikuwa tumemsikia akisema jina lake, Françoise, kisha tukamsahau.

— Huyu mama, aliuliza, kucheza hivi, alimufundisha nani?

Atumani alimwangalia Stanislas. Stanislas aliniangalia mimi.

— Eh, Prof, alisema Placide polepole. Alimufundisha nani?

Kila siku, tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na karatasi za mitihani magotini. Nakumbuka kwamba alikuwa akicheka, na kwamba sauti nyingine ilikuwa ikicheka pamoja naye. Siku moja niliwaomba wapunguze sauti, bila kuinua kichwa. Wastani wa darasa lile ulikuwa kumi na moja nukta nne kati ya ishirini. Aliyekuwa akicheka naye, wa kitanda cha pili, simjui.

— Sijui, nilisema. Lakini aliyemufundisha naye anaweza kucheza hivi. Placide, nipe telefone.

Alinipa. Nilimpeleka samaki wake ukutani nikamsimamisha. Eulalie aliwahi kuniambia kwamba wanaofukuza ndio wanaoliwa, na nilimjibu kwamba nina kazi. Sasa nilingoja. MIYE NIMESHIBA alikuja, ukuta kushoto kwake, bila haraka. Elfu nne mia moja tisini na tano. Bado tulikuwa tumemzidi kwa kumi na tano. Stanislas alijifanyia ishara ya msalaba akageuka upande wa barabara.

Nilimmeza.

Namba ya Placide iliruka ikawa karibu mara mbili. Alikuwa wa kwanza katika orodha yote, na hakuiangalia.

Nilihesabu kimoyomoyo. Kumi. Ishirini. Maji yalikuwa na majina mengine tu.

— Ngoja, alinong'ona Atumani. Kama ni mutu, iko anaangalia sabuni.

Thelathini. Françoise alikuwa amesogea nyuma yetu, kikombe chake kikiwa kimeinama kinamwagika bila yeye kujua. Thelathini na tano. Arobaini.

Pembeni kabisa, chini, alitokea sambaza. Ukubwa wake ulikuwa kumi. MIYE NIMESHIBA. Aligeuka, akaweka ukuta kushoto, akaanza kuzunguka.

— Amerudi! alisema Placide.

Stanislas aligeuka haraka.

— Ni yeye?

— Hapana, Papa Misale, nilisema. Ni mutu mwingine.

— Nani sasa?

Nilitikisa kichwa. Atumani aliinua thermos, akaitikisa, akairudisha mahali pake ikiwa tupu.

Nilimrudishia Placide simu yake.

— Usimukule.

— Nimukule wapi, Prof? Iko mudogo.

— Pikipiki iko na mafuta?

— Iko nayo. Mvua haijaisha, lakini. Tunaenda wapi?

Nilitaja hospitali. Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nikipita njia ndefu ili nisione hata lango lake.

Placide hakuuliza tena. Alimkabidhi Stanislas simu.

— Papa Misale, mukubwa akikuja karibu na ule mudogo, weye mumeze ule mukubwa.

Stanislas aliipokea kwa mikono miwili. Placide alitoka nje kwenye mvua, akapangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa shati lake, upande wa nyuma, mara mbili.